Mradi wa shule umemfikisha mwanangu kwenye jambo tusilolisema nyumbani

Bi Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Lamu. Mtaa sitautaja, maana huku ukitaja mtaa umeshataja nyumba. Mwanangu wa kwanza ni msichana wa miaka 13, yuko Gredi ya 7.

Tangu aingie Sekondari Msingi, somo analolipenda kuliko yote ni Masomo ya Jamii. Sisi wa 8-4-4 tulikariri milima na mazao ya kila mkoa, tukafanya mtihani, tukasahau. Hawa wanatumwa nje. Muhula uliopita walichora ramani ya mtaa, na visima na misikiti yake, akanirudishia mambo ambayo mimi niliyezaliwa hapa sikuyajua. Wamesoma asili ya binadamu, Misri ya kale, Zimbabwe Kuu. Nilikuwa nikifurahi kumsikia.

Muhula huu wamefika kwenye utumwa. Mwalimu wao, kijana mpole kutoka bara, amewafundisha biashara ya watumwa katika Bahari ya Hindi, kisha akawapa mradi: kila mtoto amhoji mzee wa familia yake kuhusu maisha ya zamani hapa kwetu, aandike kurasa chache, halafu asimame aeleze siku wazazi watakapoalikwa shuleni. Akawaonya jambo moja tu, wasibuni.

Mwanangu akachukua simu yangu akaenda kwa mamangu mzazi. Mamangu amepita miaka 80 na kumbukumbu yake bado nzima. Nilidhani atamsimulia habari za harusi za zamani, au majahazi yalivyokuwa yakipakia boriti. Kumbe alimwambia kwamba bibi yake yeye, aliyemlea, hakuzaliwa Lamu. Aliletwa akiwa mtoto mdogo kutoka upande wa Nyasa, akashushwa usiku, akauzwa, akalima mtama na ufuta katika shamba la ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Akamtaja na mwenye shamba. Bi Mshauri, jina lile ni la ukoo wa mume wangu.

Mimi nilijua nusu. Kwetu habari za yule bibi zilikuwa zikijulikana bila kusemwa. Ukiuliza unatumwa dukani. Lakini jina la mwenye shamba sikuwahi kulisikia mpaka nilipoifungua ile rekodi jikoni.

Nilimsikilizisha mume wangu. Hakupiga kelele. Aliirudisha simu mezani, akasema, "Mwalimu yule si wa huku, hajui anachokichokonoa," akaenda zake msikitini. Tangu hapo hajalitaja tena. Mavyaa wangu hajui lolote. Tunaishi naye nyumba moja, yeye chini sisi juu. Si mtu mbaya, ananipenda na wanangu anawalea, lakini nasaba kwake ni jambo zito. Akisikia posa ya mtu yeyote, swali lake la kwanza ni "wa nani huyo?"

Na hapo ndipo penye moto. Mdogo wangu wa mwisho ameposwa na watu wa nyumba yenye jina, na mahari bado hayajazungumzwa. Habari hii ikisomwa asubuhi mbele ya wazazi, adhuhuri itakuwa imefika Shela.

Mtoto ameshaona uso wangu. Juzi aliniambia, "Mama, naweza kusema ni bibi ya rafiki yangu." Nikanyamaza. Kisha akaniuliza lililonishinda kabisa. Kitabu chao kinasema biashara ya watumwa ilipigwa marufuku mwaka 1873. Yeye amepiga hesabu za umri, anaona yule bibi wa zamani aliletwa baada ya mwaka huo. Anataka kujua muongo ni kitabu au ni bibi.

Sijui nimwachie aandike, nimwambie atafute mzee mwingine, au niende kwa mwalimu nimweleze kuwa mambo haya yana wenyewe. Kazi inakabidhiwa mwisho wa mwezi ujao. Nisaidie.

Mama wa Gredi ya 7, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, dada yangu.

Nianze na swali la mtoto, kwa sababu lake lina jibu.

Bibi yake hajasema uongo, na kitabu pia. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akiwa amebanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kukomesha usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Soko la Unguja likafungwa. Lakini mkataba ule haukumwachia huru mtu aliyekuwa tayari mikononi mwa mwenyewe, na wafanyabiashara hawakukaa kitako wakalia. Waligeuza njia. Misafara ikawa inapanda kwa miguu kutoka upande wa Kilwa kuja kaskazini, hata Barghash akalazimika kutoa marufuku nyingine mwaka 1876 juu ya misafara ya nchi kavu. Hata baada ya hapo watu waliendelea kuletwa kwa siri. Lile neno la mamako, kwamba mtoto yule alishushwa usiku, lina maana yake.

Utumwa wenyewe, yaani mtu kuweza kusimama mbele ya hakimu akasema huyu ni mali yangu naye akasikilizwa, ulifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897. Huku kwetu, ukanda wa pwani ya Kenya, ulisubiri hadi 1907. Serikali ya wakati huo ilitenga fidia kwa wamiliki walioweza kuonyesha hasara. Aliyelima lile shamba hakutengewa kitu. Kwa hiyo kati ya marufuku anayoisoma binti yako na uhuru wenyewe ipo miaka 34, na yule bibi yenu aliishi humo ndani. Mwambie hesabu yake ni sawa. Mwambie na mwalimu angefurahi kuiona.

Sasa nije kwako. Kama nimekuelewa, umebeba mambo mawili na kuyafunga fundo moja. Moja ni mtoto aliyeulizwa swali la kweli akapata jibu la kweli, nawe hutaki kuwa mtu wa kwanza kumfundisha kulificha. La pili ni mdogo wako, mumeo, mavyaa wako na mji mzima unaojua kuunganisha majina. Yakiwa pamoja hayafunguki. Naomba tuyaangalie mbalimbali, na tuguse pia machache ambayo barua yako imeyachukulia kuwa yameshaamuliwa.

Katika barua yote sijamsikia mamako. Amesema mara moja, ndani ya simu, basi. Hukunieleza kama umerudi kwake ukamuuliza anataka maneno yake yafike wapi. Mtu aliyenyamaza maisha yake yote, akaja kufungua mdomo kwa mjukuu, huenda amechoka kunyamaza na anataka isemwe kabla hajaondoka. Huenda pia alikuwa anazungumza na mjukuu wake tu, kitandani pake, wala hakufikiria ukumbi wenye viti na wageni. Haya mawili yako mbali sana, na hakuna wa kuamua ni lipi ila yeye. Nenda kakae naye. Umuulize na hili: jina la ule ukoo alilijua tangu lini? Maana kama alilijua tangu zamani, basi alilijua siku mumeo alipoleta posa. Alikubali, akakuoza, akanyamaza. Mimi ningetaka sana kujua alikuwa anawaza nini siku ile, na nadhani hata wewe.

Mumeo umemsoma kama mtu aliyekasirika. Inawezekana. Lakini jina lililotajwa ni lake. Wewe umesikia habari ya mtu wa kwenu aliyeonewa, yeye amesikia habari ya watu wa kwao waliomwonea, na mkewe alikuwa amesimama pale pale akimtazama. Mwanamume wa kwetu akifikwa na hali hiyo hana maneno ya kuyatoa haraka, na kumlaumu mwalimu ni rahisi. Usimuulize "tufanye nini" kwanza. Muulize alivyosikia. Huenda akakasirika kweli, hilo sikufichi. Ila kwa sasa unafanya hesabu zako zote kwa kimya chake, na kimya kinaweza kuwa na mambo mengi ndani.

Lipo na hili la kuwa hakuna ajuaye. Nina shaka nalo. Lamu ni mji mdogo wenye kumbukumbu ndefu, na watu wa umri wa mavyaa wako, wanaouliza "wa nani huyo?", mara nyingi wanauliza wakiwa na jibu mkononi. Sisemi anajua. Nasema usishangae ukikuta anajua. Lakini hapo nikuonye, kwa sababu wapo watakaokwambia "kama wanajua basi hakuna la kuogopa." Si hivyo. Jambo linalojulikana na halisemwi lina adabu zake: watu huoana juu yake, huzikana, hukopeshana sukari. Likisemwa kwa sauti mbele ya watu, kila mmoja hulazimika kuonyesha amesimama wapi, na aliyekuwa tayari kulifumbia macho hana tena nafasi ya kufumba. Hofu yako juu ya posa ya mdogo wako si ya kipuuzi. Nisingekuheshimu kama ningekwambia ni ya kipuuzi.

Kuhusu aibu, sitakuletea habari za Bilal, sahaba aliyekuwa mtumwa. Unazijua, na wanaovunja posa kwa hoja ya kafaa, yaani usawa wa nasaba kati ya wachumba, wanazijua pia, huzisikia kila mwaka wakitikisa vichwa. Nitakupa za karibu zaidi. Watoto wa Sayyid Said waliomfuata kwenye kiti cha Unguja wote walizaliwa na masuria, yaani wajakazi wa babao, na Barghash mwenyewe aliyetia saini ule mkataba wa 1873 ni mmoja wao. Kwa sheria yetu mtoto wa suria ni huru na hufuata nasaba ya babake, kwa hiyo shajara zetu nyingi za nasaba zimeandika baba baada ya baba bila kumtaja mama. Wangehesabiwa mama, sijui ni nyumba ngapi zenye jina pwani hii zingebaki na maneno ya kusema kwenye posa. Maneno haya nakupa uyaweke moyoni, si ya kumtupia mavyaa wako ngazini. Ukiyatumia hivyo utapata vita, na atakayeumia zaidi ni mtoto anayempenda bibi yake wa chini na wa kwenu sawasawa.

Na mji wenu huo huo una habari ya Habib Swaleh. Alipokuja Lamu katika karne ya 19 aliwakalisha darasani wageni na watoto wa waliokuwa watumwa, watu ambao wakubwa wa mji hawakuwapa nafasi ya kusoma, na baadhi ya wakubwa hao walimpinga. Leo Riyadha, msikiti wake, ndiyo inayoujaza mji kila Maulidi, na wajukuu wa pande zote wanakaa mkeka mmoja. Nakubali kwamba wakiinuka pale kila mtu hurudi kwenye posa zake kama kawaida. Lakini binti yako anapotafuta namna ya kulieleza jambo hili bila kumtia mtu kidole jichoni, hapo ana mfano aliokua akiuona.

Tuje kwenye kazi yenyewe.

Anaweza kuieleza kama alivyoipokea, na majina yote. Ni kweli yake, hakuna aliyebuni. Lakini hiyo haiwi kweli yake peke yake. Ni ya mamako, ni ya mdogo wako, ni ya mumeo, na ni ya watoto wengine wa ukoo ule ambao huenda wako darasa hilo hilo na hawajasikia kitu. Kumwachia mtoto wa miaka 13 alete habari hiyo mjini wakati watu wazima wa nyumba hawajaizungumza wao kwa wao, hapo mimi nasita sana.

Anaweza kuieleza bila majina. Watu wengi watakushauri hivyo na ni ushauri mzuri, ila Lamu si Nairobi. Akisema "bibi yangu", ameshataja. Akisema "mzee mmoja wa hapa Lamu alinisimulia", bado ni kweli na hajambebesha mtu mwingine. Pale alipopendekeza kusema ni bibi ya rafiki yake, mimi sioni dhambi kubwa ya mtoto, ila mfahamishe tofauti: rafiki naye ana mama, naye ana bibi, na watu watakwenda kuuliza huko.

Anaweza kuandika kila kitu kwa mwalimu peke yake, na siku ya wazazi akazungumzia lile swali lake la miaka, kwa nini 1873 haikuwa mwisho na kwa nini 1907 ilichelewa. Ana kitu cha kusema hapo ambacho hakimo kwenye kitabu. Anaweza kuongeza habari za mashamba ya Hindi na Mkunumbi, ng'ambo ya kisiwa upande wa bara, ufuta na mtama uliotoka huko, au za Witu, ambako watoro waliokimbia mashamba hayo walipata hifadhi kwa Sultani Ahmed Simba. Hilo la Witu mimi nalipenda, kwa sababu watoto wetu hufundishwa kuwa watumwa waliletwa, wakauzwa, kisha Mwingereza akawaacha huru. Ni nadra kusikia kuwa wengi walijiondokea kwa miguu yao. Hatari ya njia hii ni kwamba karatasi ya shule ina macho mengi. Inapita ofisi ya walimu, inakaa juu ya meza, na huna ahadi ya mtu yeyote mpaka umeiomba.

Au atafute mzee mwingine, awaulize habari za majahazi, akapate alama zake. Litapita salama. Ila uwe tayari kwa atakachojifunza, maana atajifunza kitu hata hivyo: kuwa wapo wazee wa kuhojiwa na wapo wasiohojiwa, na bibi yake ni wa pili. Ukilichagua hilo, na zipo sababu za kulichagua, mweleze sababu kama mtu mkubwa. Usimtume dukani.

Kwa mwalimu nenda, vyovyote mtakavyoamua. Usiende kumgombeza. Kijana huyo ametoa kazi nzuri mahali asipopajua vizuri, na kutokuwa na ukoo ndani ya habari hii ni jambo linaloweza kuwafaa. Muulize mambo ya kawaida: lazima kila mtoto asimame mbele ya wazazi? Karatasi zitakaa wapi? Amefikiria kuwa darasani kwake kuna watoto wa pande zote mbili za habari hii, na wengine wa pande zote mbili kwa pamoja kama wako? Huna haja ya kumwambia ya kwenu ili kumuuliza haya.

Mdogo wako pia hujanieleza kama anajua. Umemlinda katika barua nzima bila kumuuliza. Ni maisha yake na ndoa yake, na huenda akataka mchumba wake asikie kutoka kwake mapema kuliko kutoka kwa jirani baada ya watoto wawili. Huenda akasema hapana, tunyamaze, nami sitamlaumu. Anaweza kuipoteza posa hii akisema, na anaweza kukaa na hofu miaka mingi asiposema. Uzito huo mimi siwezi kumpimia, na nadhani hata wewe huwezi. Kama atataka neno la dini juu ya kafaa, amtafute shehe mnayemwamini, na amuulize kabla ya mahari kuzungumzwa.

Kuna jambo moja la kufanya leo, usisubiri mwezi ujao. Ile rekodi imo kwenye simu yako, na simu yako kwa hakika imo kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kidole kikiteleza mara moja mazungumzo yetu yote haya hayana kazi. Inakili mahali pengine, kwenye kadi au kwenye kompyuta ya mtu wa ndani, mpe mamako nakala kama anataka, uifute kwenye simu inayoshikwa na watoto. Usiifute kabisa. Na ukiwa kwake, muulize kama yule bibi alipata kutaja jina aliloitwa kabla hajaletwa Lamu. Wengi walipewa majina mapya walipofika, na kama analikumbuka, sidhani yuko mtu mwingine aliyebaki anayelijua.